Usione Ametulia: Siri ya Miguu ya Mwindaji wa Sili Katika Barafu ya Kaskazini

Utangulizi

Mwezi wa Julai huwa mgumu kwa walinzi wa usiku katika nyanda za juu za Kenya. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, bweni letu lilikuwa na mlinzi mmoja mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuketi langoni tangu magharibi hadi alfajiri. Hakuruhusiwa kuzungukazunguka kwa kuwa lango lilihitaji jicho la mtu saa zote. Usiku mmoja alinilalamikia kwamba miguu yake ilikuwa imegeuka mawe ndani ya buti. Mimi, kwa huruma ya kijana asiyejua, nikampelekea jozi ya soksi nene za sufu ili azivae juu ya jozi mbili alizokuwa nazo. Kesho yake alinirudishia zikiwa zimekunjwa vizuri. "Mwanangu," akaniambia, "Mungu akubariki, lakini hizi zimeniongezea baridi."

Nilidhani mzee ananitania. Ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba alikuwa amesema kweli tupu, na maelezo ya kweli hiyo niliyapata mahali ambapo sikutarajia kabisa: katika habari za Wainuiti, watu wa kaskazini ya mbali ambao vitabu vya zamani huwaita Waeskimo. Hawa huishi Greenland, kaskazini mwa Kanada na Alaska. Kwa karne nyingi maisha yao yalitegemea mtu mmoja kukaa kimya juu ya bahari iliyoganda, saa baada ya saa, akimsubiri mnyama ambaye huenda asitokee.

Makala haya yananuia kueleza namna mwindaji huyo alivyoweza kutulia bila kupoteza miguu yake. Tutaona kwamba jambo hili, ambalo wengi hulichukulia kuwa ni suala la ustahimilivu, kwa hakika ni suala la maandalizi, na kwamba sehemu kubwa ya maandalizi hayo ilifanywa na mtu ambaye hakuwapo barafuni. Wahenga hawakukosea walipolonga: usione vyaelea, vimeundwa.

Kuotea sili tunduni

Kiswahili hakina neno moja tu la kuwinda. Kuna kusaka, kunyemelea, kutega, kuvizia na kuotea. Katika kusaka na kunyemelea mwindaji humfuata mnyama. Katika kuotea, mwindaji hukaa mahali akamngojea mnyama aje mwenyewe. Uwindaji tunaouzungumzia hapa ni wa kuotea.

Sili ni mnyama wa baharini anyonyeshaye, mwenye mapezi badala ya miguu na tabaka nene la shahamu chini ya ngozi. Japo hukaa majini kama samaki, hupumua hewa kama sisi. Bahari inapoganda majira ya baridi, sili mdogo aishiye katika barafu hiyo hukwangua matundu kwa kucha za mapezi yake ya mbele na kuyadumisha wazi msimu mzima, hata barafu ifikiapo unene wa mita 2. Wainuiti huliita tundu hilo aglu. Kwa kawaida theluji hulifunika, na ndiyo maana mbwa walitumiwa kulinusa.

Tundu likishapatikana, mwindaji aliichoma theluji polepole kwa kijiti chembamba ili ajue mdomo wa tundu uko wapi, kisha akaacha humo kijiti cha mfupa au unyoya mwepesi. Sili akipanda kupumua, kijiti hutikisika. Hapo mwindaji hushusha chusa kwa pigo moja. Kwa kuwa kila sili ana matundu kadhaa, hakuna ajuaye atatokea katika lipi, na kwa hiyo wanaume wengi walitawanyika, kila mmoja akalinda tundu lake. Kungoja kwa saa nyingi lilikuwa jambo la kawaida.

Shida ni kwamba sili ana masikio makali. Theluji iliyoganda sana hulia kwato-kwato chini ya kiatu, na mlio huo husafiri kwenye barafu hadi majini. Mwindaji akipiga miguu chini ili ipate joto, kama sote tufanyavyo tukisubiri matatu alfajiri, sili atahamia tundu jingine. Asipopiga miguu, vidole vyake viko hatarini, maana hewa ya huko huweza kufika nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Ndipo lilipo fumbo lenyewe: dawa ya kwanza ya baridi ni kutembea, na hapa kutembea kumekatazwa.

Kwa nini miguu hutangulia kupoa

Mwili wa binadamu hutengeneza joto kwa kuunguza chakula, na misuli inayofanya kazi ndiyo tanuri kubwa kuliko zote. Mtu aliyeketi hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya wati 100. Akitembea kwenye theluji huku akivuta sleji, kiasi hicho huongezeka mara kadhaa. Kwa hiyo mwindaji hufika tunduni akiwa na joto la kutosha, huketi, kisha tanuri lake hupunguzwa moto ghafla wakati baridi imebaki ile ile.

Mwili huwa na kanuni moja: moyo, mapafu, ini na ubongo lazima vibaki katika joto la nyuzi 37 hivi. Joto likianza kupungua, mishipa ya damu ya mikono na miguu hujibana ili damu yenye joto isiende kupoea huko. Miguu basi hutolewa kafara ili kiwiliwili kiokoke. Wayo na vidole havina misuli mingi ya kujipatia joto vyenyewe, na umbo lake jembamba hupoteza joto upesi. Vikinyimwa damu, havina akiba.

Mwaka 1930 mtaalamu wa tiba Mwingereza, Thomas Lewis, alieleza jambo jingine la ajabu. Kidole kikikaa katika baridi kali, mishipa yake haibaki imejibana daima. Baada ya dakika chache hufunguka, damu ikapita, kisha ikajifunga tena, kwa zamu. Ni kana kwamba mwili hukikumbuka kiungo chake mara mojamoja. Hata hivyo, kumbukumbu hii hufifia mwili mzima unapopoa. Mwenye kiwiliwili baridi hatapata damu vidoleni, hata avae kiatu cha aina gani.

Hapa tunapata funzo la kwanza, nalo ni kinyume cha tunavyodhani: ulinzi wa miguu huanzia kifuani. Mwindaji wa Kiinuiti alivaa makoti mawili ya ngozi ya kulungu wa kaskazini, la ndani likiwa limegeuza manyoya kuelekea mwilini na la nje likiyaelekeza nje. Suruali nayo ilikuwa ya tabaka mbili na ilifika chini ya goti, mahali ambapo buti zilikuwa zimekwishaanza, ili pasiwe na mwanya. Damu iendayo kwenye wayo hupita kwanza pajani na muundini. Ikipoa njiani, itafika vidoleni ikiwa haina kitu cha kutoa.

Kiatu chenye tabaka

Watu husema kwamba nguo hutoa joto. La hasha. Nguo haitoi joto hata chembe. Huzuia tu joto la mwenye kuivaa lisitoroke. Na kinachozuia hasa si uzi wala ngozi, bali hewa iliyonaswa ndani yake na kushindwa kutembea. Unywele wa kulungu wa kaskazini una uwazi ndani wenye vijumba vya hewa, na katikati ya unywele na unywele kuna hewa nyingine. Ndiyo sababu ngozi yake, japo nyepesi, huwa kinga kubwa. Ngozi zilizopendelewa kwa mavazi ni za wanyama waliowindwa mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa vuli, wakati manyoya yamekua kiasi lakini hayajawa marefu na mazito kupita kiasi.

Mguuni, tabaka la kwanza lilikuwa soksi ndefu ya ngozi, manyoya yakigusa mwili. Juu yake ilivaliwa soksi fupi, na juu yake tena buti iitwayo kamik. Kwa baridi kavu, buti ilishonwa kwa ngozi ya miguu ya kulungu, ambayo manyoya yake ni mafupi na magumu. Kwa majira ya theluji inayoyeyuka, ilishonwa kwa ngozi ya sili, ambayo huzuia maji. Soli ilikatwa katika ngozi nene ya sili mkubwa mwenye masharubu. Katika sehemu nyingine, hasa Greenland, nyasi kavu zilitandikwa kati ya soksi na soli. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya nao walijaza nyasi za namna hiyo katika viatu vyao. Nyasi hunasa hewa, hunyonya jasho, na zikilowa hutolewa zikakaushwa au zikabadilishwa.

Tabaka zote hizi zilikuwa na sharti moja: zisibane. Mguu ulipaswa kuchezacheza ndani, na vidole viweze kukunjwa na kukunjuliwa bila mtu wa nje kuona wala kusikia lolote. Hapa ndipo nilipomkumbuka mlinzi wetu. Buti zake zilikuwa zimekatwa kwa mguu wenye soksi moja. Alipoingiza tatu, sufu ilishindiliwa hewa yote ikatoka, na juu ya hayo mishipa ya damu ikabanwa. Nilimpelekea sufu nikamnyang'anya hewa na damu.

Baridi nyingine hutoka chini. Anayesimama juu ya barafu huipa joto lake moja kwa moja, kitu kigumu kwa kitu kigumu, na uzito wake hukandamiza kinga iliyo chini ya wayo. Kwa hiyo mwindaji alitandaza kipande cha ngozi yenye manyoya chini ya miguu. Kipande hicho kilifanya kazi mbili: kilikata njia ya joto kwenda chini na kilizima mlio wa theluji. Alipoketi, aliketi juu ya bonge la theluji lililotandikwa ngozi, na upande wa upepo alijijengea ukuta mdogo wa matofali ya theluji, maana upepo huipeperusha ile hewa vuguvugu inayouzunguka mwili na kuleta nyingine baridi mahali pake.

Unyevu, adui aliye ndani

Kuna hatari ambayo mgeni wa baridi haioni, nayo ni jasho. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Soksi iliyolowa basi si kinga tena, ni daraja. Mtu atembeaye kwa pupa kuelekea mawindoni akiwa amejifunika gubigubi hutoa jasho, jasho huloweka soksi, na atakapoketi ile soksi itamgeuka. Kwa sababu hiyo wenyeji wa baridi huenda taratibu, hulegeza nguo njiani, na hukubali kuhisi ubaridi kidogo wanapotembea ili wasije wakaganda wanapotulia.

Unyevu wa nje nao ulizuiwa kwa mshono. Buti za ngozi ya sili zilishonwa kwa uzi wa kano za mgongoni mwa mnyama. Sindano haikutoboa ngozi zote mbili kutoka upande hadi upande; ilipita katikati ya unene wa ngozi, ili tundu lisitokeze nje, kisha mstari wa pili wa mshono ukafuata. Kano ikipata maji huvimba na kuliziba tundu la sindano lililobaki. Huu ulikuwa ufundi wa wanawake, na msichana alianza kujifunza angali mdogo. Sindano zilichongwa kwa mfupa au pembe ya ndovu wa baharini kabla ya zile za chuma kuenea. Ngozi ngumu ya soli ililainishwa kwa kutafunwa, na meno ya wanawake wazee yalionyesha kazi hiyo.

Wala kazi haikwisha buti ziliposhonwa. Jioni mwindaji aliporejea, theluji ilikung'utwa kwenye mavazi kabla haijayeyuka, sakitu iliyoganda ndani ya soksi ikakwanguliwa, na viatu vikaanikwa kwenye kichanja juu ya taa ya jiwe iliyowaka kwa mafuta ya sili. Vikikauka vikakakamaa, vililainishwa upya asubuhi.

Hebu tuutazame mzunguko huu. Sili hutoa mafuta. Mafuta huwasha taa. Taa hukausha buti. Buti kavu humwezesha mwindaji kutulia. Mwindaji aliyetulia hupata sili. Kiungo kimoja kikikatika, vyote hukatika. Kukosa sili kwa siku nyingi hakukumaanisha njaa peke yake. Kulimaanisha taa kuzimika, buti kubaki mbichi, na mwindaji kwenda barafuni siku inayofuata akiwa na miguu isiyoweza kumngojea mnyama.

Sindano na chusa

Wanetsilik, tawi mojawapo la Wainuiti wa Kanada, walikuwa na mwiko kwamba mavazi ya ngozi ya kulungu yakamilike kushonwa kabla ya jamii kuhamia kwenye barafu ya bahari kuwinda sili. Msafiri na mtaalamu wa tamaduni, Knud Rasmussen, aliandika habari za miiko ya namna hii baada ya msafara wake wa 1921 hadi 1924. Sababu waliyoitoa wenyewe ni kwamba wanyama wa bara na wa bahari wasichanganywe. Bila kuidharau imani hiyo, twaweza kuona ilivyoafikiana na hali: hakuna aliyeanza kungoja barafuni kabla sindano haijamaliza kazi yake.

Wageni waliotambua jambo hili walinufaika. Roald Amundsen wa Norwei alikaa karibu na Wanetsilik tangu 1903 hadi 1905, akajifunza kwao kuvaa manyoya kwa ulegevu na kuepuka jasho. Ujuzi huo ulikuwa sehemu ya maandalizi yake alipofika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911.

Kwetu sisi wanafunzi wa fasihi, hapa pana swali. Masimulizi ya mawindo, popote duniani, humsifu mwenye chusa. Mwenye sindano hutajwa kwa nadra. Hata katika Utendi wa Fumo Liyongo tunakutana na mwindashi hodari wa uta ambaye hawezi kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Anapodungwa na mwanawe, huenda kisimani, hupiga goti na kuuelekeza mshale, akafa katika hali hiyo, na watu wakaogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Utulivu wake uliwatisha kwa kuwa hawakujua kilichouleta. Sindano iliyomuua Liyongo inakumbukwa na kila mwanafunzi. Sindano zilizowalinda wawindaji wa kaskazini wasife hazikutungiwa utenzi tunaoufahamu, lakini bila hizo kusingekuwa na shujaa wa kusimuliwa.

Ganzi

Tusemapo mguu umekufa ganzi, huwa tunatumia sitiari. Katika barafu maneno hayo hukaribia kuwa ya kweli. Mguu unaopoa huuma kwanza, na maumivu hayo ni rafiki kwa kuwa yanaonya. Yakikoma ghafla ilhali mtu bado ameketi kwenye baridi, hiyo si nafuu. Ni dalili kwamba neva zimenyamaza, na huenda nyama imeanza kuganda. Ngozi hugeuka nyeupe au ya kijivu, ikawa ngumu kama nta. Wengi wamepoteza vidole kwa kufurahia kwamba mguu umeacha kuuma.

Mguu ulioganda haufai kusuguliwa, seuze kusuguliwa kwa theluji kama ilivyoshauriwa zamani, kwa kuwa kusugua hupasua nyama. Haufai kuokwa motoni, maana hausikii unapoungua. Hupashwa katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 hadi 39, tena pale tu ambapo kuna hakika kwamba hautaganda mara ya pili. Kisha mgonjwa hupelekwa kwa daktari. Pombe nayo huhadaa, kwani hufungua mishipa ya ngozi mtu akahisi joto ilhali analipoteza. Sigara hufanya kinyume chake, huibana mishipa ambayo tayari imebanwa.

Siku hizi wawindaji wengi wa Nunavut, jimbo la Wainuiti lililoanzishwa Kanada mwaka 1999, huenda mawindoni kwa pikipiki za theluji, na wengi huvaa buti za kiwandani zenye soksi nene ya sufu iliyoshindiliwa. Kamik zingali zinashonwa. Wawindaji wa kulungu wa Marekani, ambao huotea juu ya miti mwezi wa Novemba, hutumia pia vifuko vyenye unga wa chuma unaotoa joto unaposhika kutu. Vifuko hivyo huhitaji hewa, na hufifia vikitiwa ndani ya kiatu kinachobana. Sheria basi ni ile ile. Hata pikipiki haikumwondolea mtu tatizo, kwani aliyeibebesha miguu yake safari ameketi tena, na upepo umeongezeka.

Hitimisho

Tumeona kwamba miguu ya anayetulia hulindwa kwa mambo manne: kiwiliwili na mapaja yenye joto, nafasi ya hewa na damu ndani ya kiatu, ukavu, na kitu cha kuitenga na ardhi. Tumeona pia kwamba mambo yote manne hutayarishwa mapema, na aghalabu kwa mikono ya mwingine.

Katika kuyaeleza haya sikulazimika kukimbilia lugha nyingine kila hatua. Kuotea, chusa, kano, sakitu na ganzi vilikuwa vikinisubiri kamusini. Wale wadaio kwamba Kiswahili, kwa kuwa ni mwana wa pwani yenye joto, hakiwezi kuzungumzia barafu, wajaribu kwanza kukitumia.

Na kwa mlinzi wetu, ushauri ambao ningempa leo ni huu: jozi moja ya soksi kavu ya kubadilisha saa sita za usiku, buti zilizozidi mguu kidogo, gunia lililokunjwa na kipande cha katoni chini ya nyayo, na blanketi magotini. Gharama yake haizidi sana ile ya soksi nilizompelekea. Mzee alistaafu kabla sijajua la kumwambia. Lakini malango bado yapo, Julai hurudi kila mwaka, na kila tupitapo tukiharakisha kwenda kulala, pana mtu aliyeketi pale. Tusimwone ametulia tukadhani hana baridi.